Nyumba ya Yaya Imeilemea Kamioneti ya Baba

Mama Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla haraka haijanisahaulisha adabu naomba unisaidie kuokoa arusi ya yaya yangu, dada yangu mkubwa, bila kumwaibisha baba yetu, kwa maana mambo hayo mawili yamepakiwa kwenye gari moja na naona mimi peke yangu ndiye ninayeliona likiinama.

Jina langu ni Emilienne, mwanafunzi wa masista hapa Kasongo, na yaya yangu Cécilia ataolewa baada ya Pasaka na Raphaël, mwuguzi aliyehamishiwa Kabambare juzijuzi na ambaye bado hajapata nyumba, kwa hiyo baba yetu Grégoire, aliyeendesha magari ya Wazungu kwa miaka mingi na sasa ana kamioneti yake mwenyewe, gari dogo la mizigo lenye mgongo wazi, alisema mtoto wake hataanza ndoa kwa kulala barazani kwa watu, akanunua nyumba ya magurudumu kwa Mzungu mmoja mpimaji wa barabara aliyekuwa anarudi kwao, nayo ni nyumba kweli, Mama, ina madirisha yenye mapazia, ina jiko dogo na meza inayokunjwa ukutani, na haivutwi kwa mkia wa gari kama mkokoteni, bali ina shingo ndefu inayopanda na kukaa juu ya mgongo wa kamioneti, na ndani ya shingo hiyo ndimo kilimo kitanda.

Siku baba alipoijaribu ilikuwa tupu. Aliizungusha kwenye barabara kubwa, watu wakatoka madukani kutazama, naye akatoa kichwa dirishani akaita, "Muone kifua! Hii gari iko na kifua!" na Kassimu, fundi rafiki yake, aliyemtengenezea kile kiti cha chuma ambacho shingo inakikalia, alipiga makofi kama wengine, ila akasema, "Kifua iko, Grégoire. Mugongo tutauona siku ya mizigo." Baba alicheka, na sisi sote tukacheka.

Mizigo ikaja. Katika ukoo wetu, tangu mahari inapopokelewa, kila shangazi huweka zawadi yake kwa mkono wake mwenyewe juu ya kitanda cha bibi arusi, na kikishawekwa kitu hakishushwi mpaka kwa mume, kwa sababu kukishusha ni sawa na kumwambia binti arudi kwa baba yake. Na zamani desturi hiyo haikumdhuru mtu, kwani kitanda kilikuwa kimesimama chini, lakini sasa kitanda kiko mgongoni mwa gari, na juu yake Shangazi Marguerite ameweka kinu cha mti mgumu pamoja na mchi wake, wengine wameweka magunia ya mchele, madebe ya mawese, sufuria za chuma, hata lile jiwe ambalo bibi yetu alisagia maisha yake yote. Kamioneti sasa imekaa kama kuku anayetaga na taa zake za mbele zinatazama mbinguni. Baba anasema, "Inapiga magoti. Inamuheshimu bibi arusi."

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alitaka kuonyesha wageni jinsi inavyopiga kona, akakata usukani vizuri kabisa, mimi nilimwona kwa macho yangu, lakini gari halikukata, likaenda moja kwa moja mpaka ndani ya mihogo ya Shangazi Marguerite, naye akatoka na mwiko mkononi akauliza, "Grégoire, mihogo yangu ilikukosea nini?" na baba akajibu, "Imekuja kukusalimia, dada!" kisha akashuka akijisifu kwamba usukani umekuwa mwepesi kama wa baiskeli na kwamba anaupenda hivyo.

Mimi sikuupenda. Sista wetu alitufundisha habari ya wenzo kwa ubao na jiwe, kwamba ukikandamiza upande mmoja, upande wa pili unanyanyuka, na pale kwenye mihogo niliuona ubao uleule, mkia umekandamizwa na magurudumu ya mbele yanagusa ardhi kidogo tu. Nikasema kwa upole, "Baba, naona magurudumu ya mbele hayakanyagi vizuri," naye akanitazama mbele ya shangazi wote akasema, "Emilienne, sasa masista wanafundisha na kuendesha?" na Shangazi Marguerite akaongeza, "Acha wivu, mutoto. Na weye siku yako itafika, tutakuwekea kinu kubwa kupita hii." Walicheka sana. Nami nilicheka kidogo ili nisionekane nimekasirika.

Yaya Cécilia sijamwambia kitu, maana kila jioni anafua mapazia yale na kuimba, na ninaogopa kumkatiza. Lakini barabara ya Kabambare ina vilima, tena ina madaraja ya miti yasiyo na ukingo, na yeye atakaa mbele pamoja na baba akiwa amevaa gauni lake la arusi, na kuchekwa nimekwisha kuzoea, ninachoogopa ni lile daraja la kwanza lenye kona. Baba ameniahidi kwamba nitakuwa mgeni wa kwanza wa nyumba ile wakati wa likizo, nitalala kwenye benchi chini ya dirisha, na natumaini sana kufika siku hiyo nikiwakuta wote wazima. Niseme nini, Mama, na nimwambie nani?

Mwanao mtiifu,
Emilienne, Kasongo

*

Emilienne mwanangu,

Nimecheka mpaka kwenye mihogo, kisha nikafika kwenye daraja nikaacha kucheka. Macho yako yameona sawa na Sista wako amekufundisha sawa. Usukani unaokuwa mwepesi ghafla si wa kusifiwa. Ni gari linalokwambia kwamba mbele yake hapakanyagi tena.

Baba yako si mjinga, usimfikirie hivyo. Amepima jambo moja akaliacha la pili. Mtu anaweza kuburuta gogo ambalo hawezi kulitwika begani. Kamioneti yake inaweza kuivuta nyumba ile, hilo Kasongo nzima imeliona. Lakini nyumba yenye shingo haivutwi tu, inabebwa pia, na kila kinu kinachowekwa kwenye kile kitanda kinakaa juu ya mgongo wa gari, hata kama shangazi anadhani amekiweka nyumbani.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulimkosoa dereva wa miaka mingi mbele ya dada zake, siku ambayo ametoka kuingia kwenye mihogo. Ulitaka akujibu nini? Halafu umeniandikia mimi, niliye mbali na mwenye kalamu tu, kabla ya kumwambia mwenye nyumba. Nyumba ile ni ya nani, Emilienne? Si ya baba yako, amekwisha kuitoa. Si ya Shangazi Marguerite. Ni ya Cécilia, na wewe unamwacha aimbe juu ya jambo asilolijua kwa kuogopa kumkatiza wimbo. Mkatize. Leo.

Desturi yenu inasema kitu hakishushwi. Je, kuna mahali inaposema hakisogezwi ndani ya nyumba ya bibi arusi mwenyewe, bila kutoka mlangoni? Basi Cécilia ajifunge kikwembe vizuri, aingie ndani mwake mchana kweupe, apange nyumba yake kama mke yeyote anavyopanga. Kinu, jiwe na magunia yatoke kitandani yakae sakafuni, karibu na magurudumu ya nyumba yenyewe, mbele yake kidogo. Asiyasukume yote mpaka mlango wa nyuma, maana hapo nyumba itaanza kutikisa mkia na kulitikisa gari pamoja nayo. Kitandani abakize godoro, mashuka na vitu vyepesi. Tanki la maji, kama nyumba inalo, liende tupu, maji yapo Kabambare. Shangazi akiuliza, Cécilia ajibu kwa adabu, "Mama, ninapanga nyumba yangu." Sijui shangazi atakayelipinga neno hilo, kwa sababu ndilo wanalomfundisha.

Kwa baba yako nenda peke yako, wakati anapofuta vioo vya gari lake na moyo wake uko mweupe. Usimtajie wenzo wala Sista. Mwambie, "Baba, kifua nimekiona. Nionyeshe na mugongo." Halafu mwombe amwite Kassimu, na wewe simama hapo. Kassimu aangalie kiti cha chuma alichokiunga: kinapaswa kukaa juu kabisa ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, au mbele yake kidogo, kisiwe nyuma yake kuelekea mkia. Kikiwa nyuma, kisogezwe, hata kama ni kazi ya siku nzima. Kisha shingo ile, nyumba ikiwa imepakiwa, ikalishwe juu ya mizani kubwa ya mnunuzi wa mchele. Kwenye mlango wa kamioneti kuna kibao cha chuma kinachosema gari linabeba kilo ngapi. Jumlisha uzito wa shingo na wa watu wote watakaokaa mbele. Jumla isizidi kibao, na ikibaki chini yake kidogo ni vizuri zaidi, kwa sababu vilima havisomi vibao. Hesabu hiyo unaiweza, na baba yako atafurahi ukimsomea namba akiwa ameshika mizani yeye mwenyewe.

Ikizidi bado, mchele na kinu vitangulie kwa lori la wafanyabiashara, maana kutangulia kwa mume si kurudi kwa baba, na Shangazi Marguerite apande nalo, akikalie kinu chake njia nzima ili asiseme kimeibwa. Akifika Kabambare, nyumba ikiwa imeshushwa shingo na kusimama kwa miguu yake, atakiweka kitandani kwa mkono wake mwenyewe. Desturi itakuwa imetimia. Breki za nyumba, zile za magurudumu yake, Kassimu azijaribu kwenye mteremko wakati hakuna bibi arusi ndani ya gari.

Na kama baba yako atakataa yote haya, Cécilia akatae kupanda. Mtoto wa shule akisema, watu wanacheka. Bibi arusi akikataa kuingia garini, ukoo mzima unakuja mbio kuuliza kuna nini, na hapo wewe utakuwa na jibu mkononi.

Siku yenyewe, watu watakapokuwa wanapiga vigelegele, wewe usipige bado. Nenda ukasimame mbele ya kamioneti uzitazame taa. Zikitazama barabara, mfungie yaya yako mlango wa gari, umpungie mkono, uende ukajitayarishie likizo. Zikitazama mbingu, usiufunge.

Mama Mshauri wako