Sahani ya Mtu wa Duarani

Jumatatu, 7 Machi 1983

Uji wa watoto haupozwi kwa kupuliza. Utapuliza mapafu yaishe na mtoto bado analia. Tia sufuria kwenye beseni la maji, koroga. Kabla hujamfunga mwenzake vifungo, uji tayari. Akili yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Dada yangu Mama Kulwa kaondoka alfajiri kwenda Nkome kuchukua dagaa wa kuja kuuza hapa Geita. Kaniachia mapacha wake, Kulwa na Doto. Wasichana, miaka mitano. Akina mama wa jirani wamecheka, eti mwanamume mzima na mwiko. Nikawaambia nimechunga ng'ombe mia tatu kwa fimbo moja, fisi wakipita wananiamkia shikamoo. Watoto wawili ni kitu gani.

Sabuni dukani hakuna. Nimefua kwa majani ya mpapai. Mashuka yanang'aa kuliko ya hospitali.

Jumanne, 8 Machi

Kulwa ana homa. Vidonge vya malaria vichungu, anatema. Nimesaga, nikaficha ndani ya ndizi mbivu. Kameza, kaomba nyingine. Daktari angekuja kujifunza kwangu.

Kazi ni Doto. Hakai. Nimemfunga njuga mguuni, zile za ngoma. Nakata mchicha huku nasikia alipo. Zikinyamaza, nainuka.

Maana nyuma ya nyumba kuna lile duara. Shimo la dhahabu, wameliacha. Shemeji yangu Lufunga, baba wa hawa watoto, alifukiwa humo mvua za mwaka jana. Walichimba kumtafuta, udongo ukazidi kushuka, wakaacha. Yumo mpaka leo. Watoto walikuwa kwa bibi yao, mtaa wa Kambarage, Shinyanga mjini. Waliporudi wakamlilia baba, nikawaambia yuko Kagongwa, ananunua mpunga. Kilio kikakatika pale pale. Mama yao hakukubali, hakukataa. Alikuwa amechoka.

Jumatano, 9 Machi

Mvua. Kingo za duara zinamong'onyoka. Nimeweka miiba, maji yamekwenda nayo.

Kumkataza mtoto kwa fimbo ni kupoteza nguvu. Mpe hadithi. Nimewaambia duarani anakaa mtu mrefu, ana njaa, jioni anapiga mluzi kwenye pengo la meno kuwaita watoto. Nikaupiga mluzi wenyewe. Kulwa kajifunika kanga. Doto hakujifunika. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nimelala vizuri. Hadithi moja inazidi uzio.

Ijumaa, 11 Machi

Michembe, vile viazi vikavu, inapungua chunguni. Nilidhani panya. Panya gani anafunika chungu akimaliza?

Mkeka ukikojolewa: mwaga majivu, acha yakauke, kung'uta juani. Harufu hakuna. Nimemwonyesha Mama Shija wa jirani. Hakucheka leo. Aliniuliza mbona Doto kila jioni anapita kwake na sahani. Nikasema anamlisha mbwa. Nilisema tu, sijui kwa nini.

Jumamosi, 12 Machi

Sahani ya bati nimeikuta ukingoni mwa duara. Tupu. Safi, kama imelambwa. Nilitafuta nyayo za mbwa. Mvua ilishafuta kila kitu.

Nilimwuliza Doto. Hakuficha. Mtu wa duarani ana njaa, si nilisema mwenyewe? Anampelekea. Nikamwambia yule mtu ni mbaya. Akasema, "Si mbaya, Mjomba. Ule mluzi ni wa Baba."

Nilikaa chini.

Ni kweli. Lufunga alikuwa na pengo. Akitoka kazini alikuwa anapiga mluzi ule ule tangu kwenye mwembe wa Mama Shija, watoto wakimkimbilia. Nilipotunga hadithi niliokota tu kilichokuwa karibu. Sikujua namwokota yeye.

Nikasema baba yuko Kagongwa. Akasema alisharudi, amekosa njia ya kupanda.

Jumapili, 13 Machi

Nimeusikia mluzi.

Jua linazama, nachambua mchele. Umetoka upande wa nyuma, mrefu, unapanda mwishoni. Watoto wote wawili walikuwa mbele yangu, midomo imejaa wali. Kulwa hakuinua kichwa. Doto aliinua. Tukatazamana.

Mimi niliwahi kumpiga mamba kafi la uso pale Nkome. Nimesimulia mara nyingi. Kweli yake, mamba alikuwa mbali na mimi nilikuwa mtini. Leo hata mti sina. Naogopa. Nimefunga dirisha la nyuma kwa msumari.

Jumanne, 15 Machi

Tope bado liko kuchani. Naandika hivyo hivyo.

Mchana mvua ilikatika. Nilikuwa nawasha moto, njuga zikalia mbali. Upande wa duara. Sikumbuki kukimbia. Nilimkuta Doto kalala kifudifudi ukingoni, anateremsha sahani kwa kamba. Nyuma ya magoti yake ardhi ina ufa. Ningemwita angegeuka, angekwenda na ukingo. Nikalala matopeni, nikatambaa.

Alinisikia. Akanong'ona bila kugeuka, "Polepole, Mjomba. Anakula. Usimshtue."

Nikamkamata mguu kwenye kamba ya njuga, nikavuta. Ukingo ukaondoka. Sahani ikaenda. Hatukusikia ikifika chini.

Aliililia sahani. Nikamshika mashavu. Nikamwambia, "Doto, baba yako hali tena. Amekufa. Udongo ulimfukia humu mwaka jana."

"Na Kagongwa?"

"Hayupo Kagongwa. Nilikudanganya."

Alifikiri. Akauliza, "Sasa anayepiga mluzi ni nani?"

Nikambeba mgongoni, nikarudi naye nyumbani.

Alhamisi, 17 Machi

Mama Kulwa karudi na magunia ya dagaa. Nilimweleza yote kabla hajatua mzigo. Nilingoja anitukane. Hakunitukana, na hilo likauma zaidi. Aliwaita watoto, akawakalisha mapajani, akawaambia mwenyewe. Kisha akachukua wembe akawanyoa nywele, kama tulivyonyolewa sisi wafiwa mwaka jana. Wakalia vizuri, kilio cha msiba. Kulwa zaidi. Hakuna aliyewanyamazisha.

Jumatatu, 21 Machi

Wanaume wa jirani wamenisaidia. Tumezungushia duara magogo na miiba, na udongo tumeanza kumwaga ndani. Doto na Kulwa walitupa konzi moja moja ya udongo. Doto aliomba njuga zikae mguuni. Zimekaa.

Uji nimeupoza kwenye beseni.

Jioni wakataka hadithi. Nikawaambia siku baba yao alipofukuzwa na bata mzinga wa Mama Shija, akapoteza ndara moja, akarudi akichechemea, akacheka hadi akakaa chini. Kulwa akauliza, kisha? Nikasema basi, iliishia hapo. Sikutia chumvi. Walicheka kidogo.

Sahani tumeweka nne, za walio hai. Doto alizihesabu, akala. Baadaye aligeuka akasikiliza upande wa nyuma. Mimi pia.

Kimya.

Nikang'oa ule msumari dirishani, hewa ikaingia.