Nyumba ya Sola Isiyo na Mafiga

Jumapili. Hapa kijijini Mbuji leo baridi inang'ata, na ukungu haukuondoka mpaka tulipotoka misa ya pili. Nina furaha na nina aibu kidogo, vyote kwa pamoja, na sababu ni mama yangu.

Ramani ya nyumba mpya nitakayomjengea nimeihangaikia tangu masika. Nyumba ya sola. Madirisha makubwa yako kaskazini, maana wakati wa kipupwe jua linapita upande huo. Kuta nene za tofali za kuchoma, zitunze joto. Paa nalo limeinamia kaskazini, ili paneli zipate jua kutwa. Niliipenda mno, nikawa naitazama kama mtu aliyepata mchumba.

Kipupwe kilichopita mama alikohoa hadi nikaogopa. Moshi wa jiko lake ndio unaommaliza, na mimi sitaki kumzika kwa sababu ya moshi. Kwa hiyo kwenye ramani mafiga niliyatoa kabisa.

Baada ya misa nikamwonyesha. Akaifuata kwa kidole, chumba kwa chumba, akisifu. Kisha akauliza, "Mahindi ya mbegu nitayaning'iniza wapi, baba?"

Nikaitazama ramani upya.

Nimekulia chini ya mahindi hayo. Yananing'inia juu ya moto mpaka yanakuwa meusi, na wadudu hawayagusi. Kila nyumba huku iko hivyo. Mimi Mmatengo nimechora nyumba ya mkulima nikasahau mbegu.

"Basi sihamii," akasema, kwa upole, kama anayekataa chai.

Nikanuna. Mimi nikinuna nanuna kweli, hata chakula cha mchana sikugusa. Halafu nikachukua penseli. Mafiga nikayarudisha, nikayachorea dohani ya kutolea moshi, na kati ya moto na dohani nikaweka dari dogo la kuning'inizia mbegu, moshi upite kwenye mahindi kwanza ndipo utoke nje. Jiko lenyewe nikalisogeza mpaka ukuta wa chumba cha mama. Moto wa jioni utaupasha ukuta, na ukuta utampasha yeye akilala. Katika ramani nzima hilo ndilo wazo ninalojivunia, na nisingelipata kama asingenikatalia.

Jioni akakubali, huku anachambua maharage. Ila ana sharti: taa ya kwanza ifungwe jikoni. Mimi nilikuwa nimeipanga sebuleni, kwa ajili ya wageni.

"Kibatari kinanionyesha sufuria tu," akasema. "Nyie nawapakulia gizani miaka yote, nasikia mnavyotafuna. Nataka niwaone mkila."

Nampenda mama huyu jamani, hata sijui niandike nini.

Taa nimeihamisha. Baba alikula chakula cha usiku jikoni mle mwa kibatari hadi alipofariki, na mama hakuwahi kuuona vizuri uso wake akishiba. Sisi wanawe bado tupo. Kesho asubuhi tunaanza kufyatua tofali.