Kuhesabu kwa Pumzi Moja

Kaka yangu mpendwa,

Barua hii ikikukuta umesimama, tafuta kiti, maana ni ndefu, na mwandishi wake anapumzisha mkono kila baada ya mistari michache. Nakusalimu wewe, wifi yangu na watoto wote. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi aliniambia umeanza tena kubeba matofali kana kwamba una miaka ishirini. Uzee haufukuzwi kwa ubishi, Kaka. Mimi ni mzima kwa kiasi changu, na hicho kiasi ndicho kilichonishikisha kalamu.

Naugua. Ilianza kope ya jicho la kushoto kushuka yenyewe kila jioni. Kisha shingo ikawa nzito, kisha taya ikawa inachoka katikati ya chakula mpaka naisaidia kwa mkono. Asubuhi nilikuwa nakata vitambaa na kukaa kwenye cherehani kama kawaida. Ikifika saa tisa hata uzi kupenya kwenye sindano ni vita. Daktari wa kwanza alisema ni mawazo. Wa pili akasema nipumzike. Nilizunguka hivyo mwaka mzima, mpaka daktari wa macho akaniangalia kwa muda mrefu, akanituma kwa bingwa wa neva.

Huyo ndiye aliyenipa jina la ugonjwa, jina refu la kigeni. Alinieleza kwamba neva zinatuma ujumbe vizuri, ila misuli haiusikii, kwa sababu walinzi wa mwili wangu wamewageukia wenye nyumba. Akasema wagonjwa wa aina hii aliowahi kuwatibu hawafiki kumi. Halafu akaandika namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, akasema dawa nitachukua dirishani, lakini mengine yote nitayapata kwa mwenye namba ile.

Mwenye namba alikuwa kinyozi. Tunamwita Kope, na jina hilo alijipa mwenyewe. Kila siku kabla ya kufungua saluni hubandika kope zake kwenye paji la uso kwa plasta ili macho yabaki wazi. Mteja mmoja alimuuliza kama atanyolewa na mtu aliyelala. Kope akamjibu kwamba kope zake hulala mapema, lakini mikono iko macho. Mteja yule hajahama mpaka leo.

Sisi wenye ugonjwa huu tunakutana saluni kwake kila Jumapili saa tatu asubuhi, maana baada ya saa sita sisi ni magunia matupu, na gunia tupu halisimami. Tuko saba. Tunakaa kwenye viti vya kunyolea na benchi la wateja, vioo vinatutazama pande zote. Siku yangu ya kwanza niliulizwa habari zangu, nikaanza kueleza, na kama kawaida sauti ikaanza kutokea puani na ulimi ukawa mzito. Nikanyamaza kwa aibu. Hakuna aliyenimalizia sentensi. Walikaa tu, kama watu wenye siku nzima, mpaka nguvu ikarudi nikaendelea. Kaka, katika maisha yangu sijawahi kusubiriwa namna ile.

Hawa watu wanajua mambo. Wanajua kumeza dawa nusu saa kabla ya kula, kuchana nywele umekaa na viwiko vimeegemea meza, na ni dawa zipi za kawaida ambazo kwetu ni sumu. Aliyeziandika zote kwenye karatasi ngumu ya kutembea nayo ni mwalimu wa hisabati, mwanamke mkali mwenye fimbo ya kutembelea. Ndiye pia aliyeanzisha utaratibu wa pacha. Kila mmoja wetu ana mwenzake anayempigia simu asubuhi, na kazi ni moja: kuvuta pumzi na kuhesabu mpaka iishe. Mimi hufika ishirini na sita. Pacha wangu ni huyo huyo Mwalimu.

Miezi mitatu iliyopita nilihesabu nikakwama kwenye tisa. Nikamtania kwamba bado niko kitandani. Hakucheka. Aliniambia nifungue mlango na nikae wima, akakata simu. Haikupita nusu saa akafika na Kope, ambaye alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja. Hospitalini daktari kijana alidhani nimepatwa na hofu, akataka kunichoma sindano ya kunituliza. Mwalimu aliweka ile karatasi mezani akamwambia taratibu, "Daktari, huyu hana hofu. Anaishiwa pumzi. Na sindano hiyo itaimaliza." Yule daktari, Mungu ambariki, hakujitia ujuaji. Alisoma, akainuka, akamwita mkubwa wake.

Nilipumua kwa mashine siku tisa. Wenzangu walikuja kwa zamu, watu ambao wenyewe kupanda ngazi mbili ni safari. Wiki zile nilizokudanganya kwamba simu imeharibika, nilikuwa huko.

Jumapili iliyopita niliwasimulia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, nalo ndilo lililonileta kwako. Siku ya harusi ya binti yako, niliposimama kusema maneno ya shangazi, ulimi ukaanguka, glasi ikaniponyoka, nawe ukanishika kiwiko ukanitoa nje. Kesho yake uliniuliza kama nilikunywa. Nikasema ndiyo, nisamehe.

Sikuwa nimeonja hata tone, Kaka. Ila ulevi una jina, na mlevi anajulikana atafanyiwa nini. Mimi wakati ule kitu changu hakikuwa na jina, nilidhani naingia wazimu, nikaona afadhali aibu ninayoijua. Wewe ukanisamehe, ukawa unanishauri kila unapopiga simu, na sasa nasikia unajivunia kwa watu kwamba mdogo wako ameacha pombe. Nimeachaje nisichokianza? Msamaha wako ulikuwa mzuri mno, ndiyo maana ulinielemea.

Nilipomaliza, Mwalimu aliniuliza ni nani mwingine anayejua. Nikasema hakuna. Akasema basi nina kazi ya nyumbani, na yeye huwa hasahau kusahihisha.

Hii ndiyo hiyo kazi. Usilie, na usimlaumu mtu, hata wewe mwenyewe. Msomee wifi barua hii yote. Binti yako umwambie maneno ya shangazi yake bado ninayo, na nitayamaliza nikikaa kwenye kiti, pole pole, kama atanisubiri.

Nawabusu watoto. Nisalimie majirani wanaonikumbuka.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi cherehani wako