Ngata Niliyomwekea Mama Yako

Kitengela, 9 Machi 2024

Mpendwa Mukai,

Habari ya Magadi na hilo joto? Mimi niko mzima, ila chakula hakipiti. Kwenye simu huwa nalia kabla sijauliza, ndiyo maana naandika.

Tulipotoa kitanda cha mama yako baada ya mazishi, jirani Resian aliokota ile ngata ya leso. "Mzee, hii ilikuwa ya nini?" Nikamwambia nilimlaza juu yake miezi minne, kidonda cha kiunoni kikae kwenye tundu, kisiguse godoro. Aliirudisha polepole, akaenda kuosha vikombe.

Mama yako alipoiona mara ya kwanza alicheka kwa ule upande wa mdomo ambao haukupooza. "Maundu, sasa mimi ndio mtungi?"

Wewe ni nesi. Nilikosea? Usinifiche.

Baba yako

Magadi, 20 Machi 2024

Baba,

Pole tena. Unalala? Huku tuko wazima.

Nyama ya mwili hupata oksijeni kwa damu. Ikibanwa sana kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo hujifunga, nyama inakufa. Ngata haikuondoa uzito. Ilibana pande zote, damu ikashindwa kufika katikati. Mgonjwa hugeuzwa kila saa mbili.

Sasa lingine. Nilipokuja Krismasi niliiona hiyo ngata. Nilijua. Lakini ulikuwa umeikunja vizuri, naye alikuwa anakutania, nikasema nitakuambia kesho. Kesho yake nikarudi kazini.

Kama ni kidonda kilimuua au ni kule kupooza, sijui. Kweli sijui.

Mwanao, Mukai

Magadi, 14 Aprili 2024

Baba, hujambo? Simu inaita tu. Hata nigombeze, lakini andika.

Mwanao

Kitengela, 2 Juni 2024

Mukai,

U mzima? Mimi ni goti tu.

Sikukasirika. Au nilikasirika, sijui na nani. Siku moja ni wewe, siku nyingine ni mimi, na kuna siku ni mama yako, kwa kucheka.

Kahiga wa maziwa alianguka, hajiwezi. Juzi nilikuta bibi yake amemlaza juu ya tyubu ya gurudumu. Nikamwambia aitoe. "Kwa nini, mzee?" Nikamwambia ashike miguu. Tulimgeuza ubavu, na sasa narudi kila saa mbili. Lakini amekonda, mifupa iko kila mahali, na mto sijui niuweke wapi.

Barua haitoshi. Njoo Jumamosi unishike mikono, unionyeshe.

Baba yako