Driciru na Moshi wa Tumbaku

Adumi, Arua
8 Septemba 1974

Mpendwa kaka Amandu,

Pokea salamu nyingi za dada yako Drateru. Hujambo? Na mgongo wako unaendeleaje na hayo mashamba ya miwa huko Busoga? Sisi ni wazima, mihogo imekubali, na hata mwanao Ayiko ni mzima. Kwa huyo namshukuru Mungu mara mbili.

Najua jirani yetu Okuonzi amekwisha kukufikishia kwamba mkeo Driciru amemfukuza Baba nyumbani. Domo lile! Sasa sikia ilivyokuwa.

Unamjua Baba, kwa kuogopa wezi hukaushia tumbaku yake mle mle tunamolala. Mwaka huu majani yalining'inia mpaka juu ya kitanda cha mtoto, na moto unafuka chini mchana kutwa. Kifua cha Ayiko kikaanza kulia kama filimbi, akakataa ziwa. Kaka, tulidhani tunamzika.

Driciru alimwomba Baba majani yatoke. Baba akakataa katakata. Basi wifi yangu akakata miti mwenyewe, akaezeka kibanda mbali na nyumba, akahamisha tumbaku yote kwa kichwa chake, na moto akauwasha huko huko. Mzee kuja kuona, kelele! Wezi watakula jasho lake! Driciru akapiga magoti kwa adabu, akamwambia, "Baba, wewe lala na tumbaku. Mimi nalala na mtoto."

Wacha nicheke. Baba kwa hasira akabeba mkeka wake kweli, akaenda kulala kibandani. Haikuchukua siku nyingi akatoka humo macho mekundu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Alikwenda kwa Ayiko, akampakata mpaka jua likawa kali. Kisha akapita kwa majirani kuwaambia watoe tumbaku wanapolala watoto. Baba yetu huyu huyu, Amandu!

Mkeo namvulia kofia. Hakutukana mtu, hakukimbia, na mtoto sasa ananyonya hadi anasinzia.

Mama anakusalimu, na shangazi Ocokoru. Driciru pia anakusalimu, ingawa tangu asikie maneno ya Okuonzi hali chakula vizuri, anaogopa jibu lako.

Baba yuko hapa ubavuni, anailinda kalamu nisiharibu ujumbe wake. Anasema ukithubutu kumrudisha Driciru kwao Ajia, naye atakunja mkeka amfuate, na tumbaku uje uilinde wewe.

Mungu aibariki mikono yako na akurudishe salama.

Dada yako akupendaye daima,
Drateru