Hapa Hatuulizi Kwa Nini

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kwanza, habari zitafuata. Hali yako ikoje? Magoti yanasemaje siku za baridi? Bado unatunga uzi kwenye sindano bila miwani, au na wewe umesalimu amri? Nauliza kama mtu ambaye hajapata habari zako mwaka mzima, na ukifika chini ya barua utaona kwamba ndivyo ilivyo. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri. Meno yamepungua, maneno bado yapo.

Usishtuke kupata karatasi kutoka kwangu. Nimeipeleka kwa jina la fundi viatu, yule jirani yako wa miaka mingi, na nimemwomba aitie mkononi mwako mwenyewe, si kwa mtu mwingine yeyote wa nyumbani. Ukiwa unaisoma mbele ya watu, ikunje, uisome baadaye.

Nianze na maisha yangu, maana hayo nayo nadhani hukuyapata. Tangu nilipostaafu kazi ya kupanga mizigo ghalani huku ugenini, siku zangu zinapita kwenye chumba hiki cha juu, kitanda upande mmoja, meza upande mwingine, na dirisha linalotazama magari ya watu yaliyoegeshwa. Majirani ni watu wema, tunasalimiana kwenye ngazi, ila salamu ikiisha na maneno yameisha. Mtu aliyeishi kwao akisahihisha maandishi ya wengine katika lugha yake, halafu akazeekea mahali ambapo lugha hiyo haina wa kuisikia, ni kama wewe kunyang'anywa cherehani ukaachiwa kitambaa.

Kwa hiyo nilipopata Baraza nilifurahi kitoto. Ni mtandao mdogo wa watu wa lugha yetu waliotawanyika, waliochoshwa na ile mitandao mikubwa inayokupima kama mteja dukani. Hauna matangazo, hauna mwenye mali. Kompyuta yake imewekwa jikoni kwa bwana mmoja tunayemwita Mpishi, karibu na jiko, na akiwasha oveni mashine inapata joto, sote tunapotea hadi chakula kiive. Tunamtania kwamba afunge wiki nzima tuzungumze kwa raha.

Watu wanaleta maswali ya kila siku. Printa inatoa karatasi nyeupe. Simu inasema imejaa na mwenyewe hajui imejaa nini. Bibi mmoja alilala na simu yake, akaamka inamsemesha lugha asiyoijua, akaapa kwamba haikuwa yeye. Mimi nilikuwa na muda na subira, nikasoma, nikajifunza, nikaanza kujibu. Nikaitwa Daktari. Sharti langu lilikuwa moja: mgonjwa alete picha ya skrini, kwa kuwa maelezo ya mtu aliyekasirika na simu hayana msaada. Bila picha sitibu, nilikuwa nawaambia, na wanabaraza wakalifanya neno hilo kuwa utani wetu.

Lakini kanuni kubwa ya Baraza ilikuwa nyingine, na niliiandika mimi. Unakumbuka nilivyokusimulia miaka yangu ya kwanza huku. Kila dirisha la ofisi ya uhamiaji nililosimama mbele yake niliulizwa kwa nini. Kwa nini uliondoka, kwa nini ulipita njia hii, kwa nini mke wako hakuja nawe, kwa nini tarehe hii haifanani na ile. Wengi wetu Barazani tumepitia madirisha hayo. Basi Mpishi aliponiomba, kwa kuwa nilikuwa mtu wa maandishi, nitunge sentensi ya kuwekwa mlangoni, niliandika: Hapa hatuulizi kwa nini. Watu walinishukuru. Mama mmoja alisema ameisoma akalia.

Sasa nyumba ya wazazi. Mwaka jana nilipata ujumbe kutoka kwenye namba yako ukisema masikio yamechoka, nisipige tena, niandike tu. Nikatii. Baadaye ukaniandikia kwamba nyumba imekushinda, paa linavuja juu ya chumba cha mama, na kwamba umechoka kukaa peke yako na ungependa tuiuze ukaishi kwa mwanao. Iliniuma. Nilitaka kukukatalia. Nikajiambia, mimi ni nani wa kung'ang'ania kizingiti ambacho sikikanyagi, wakati aliyebaki akikifagia ndiye wewe? Nikaenda kwa wakili, nikatia sahihi ya ridhaa. Nilikuandikia kwamba nimefanya hivyo kwa kukupenda. Ukajibu asante kaka, kwa sentensi nzuri iliyonyooka, na mimi nikafurahi kwamba uzeeni umejifunza kuweka nukta.

Majira yale yale kulikuwa na mgeni Barazani aliyejiita Kiraka. Kijana mwenye adabu, kila jibu shikamoo. Aliuliza jinsi ya kusoma kwenye simu yake ujumbe unaoingia kwenye simu ya mama yake na kumjibia humo, kwa kuwa mama haoni vizuri. Nikamwonyesha namna ya kuziunganisha simu mbili. Akarudi kuuliza kama mazungumzo na mtu mmoja yanaweza kufichwa yasionekane wala kulia, bila mtu huyo kujua. Nikamwonyesha hilo pia, hatua kwa hatua, na nikaongeza maneno ya kumsifu kwa kumtunza mama. Sikuuliza mtu huyo ni nani. Kanuni ni kanuni.

Juzi akarudi akilalamika kwamba yale mazungumzo yaliyofichwa yamejitokeza tena juu, tangu simu ibadilishe sura yake. Nikamwambia, picha. Akaleta. Mdogo wangu, kwenye picha ile nilisoma: "Umeamkaje? Huku mvua imenifungia ndani, nimekumbuka ulivyokuwa ukianika nguo za wateja sebuleni." Nilikuwa nimekuandikia maneno hayo asubuhi ile ile. Pembeni yake ilikuwa sura yangu, ile picha niliyopigwa nikiwa na kofia.

Kiraka ni mwanao wa mwisho.

Nilikaa na ile picha. Wanabaraza wakaanza kuniita, Daktari uko wapi, mgonjwa anasubiri. Nikaandika maneno mawili tu: "Kwa nini?"

Wa kwanza kunijibu alikuwa yule mama aliyelia. "Daktari, hata wewe? Hapa hatuulizi." Wengine wakafuata, wakali kuliko yeye. Mpishi, kwa upole wake wote, akalifuta swali langu kwa kuwa limevunja kanuni. Kiraka naye akafuta yake, akaondoka. Sikuwaeleza. Ningeanzia wapi?

Badala yake nilimtafuta fundi viatu kwa simu. Aliponisikia akaniambia nisipoteze vocha yangu, maana mtaa mzima unajua nilivyokutenda. Nikamsihi aniambie nimetenda nini. Akasema umeambiwa kwamba mimi ndiye niliyeshikilia nyumba iuzwe. Akasema siku moja ulishika simu kubonyeza picha yangu kama ulivyozoea, hukuiona, ukamwambia mwanao kaka amenifuta, naye akakujibu kwamba watu wa huko ndivyo walivyo. Akasema unaishi chumba cha nyuma kwa mwanao, cherehani imefunikwa gunia chini ya ngazi, na masikio yako yanasikia hadi mnong'ono.

Nyumba haitarudi. Wakili ameniambia sahihi zote mbili ni halali, yangu na yako, kila mmoja alitoa kwa ajili ya mwenzake. Kijana wako alifanya jitihada kubwa, na mwalimu alikuwa mimi.

Sikuombi umfukuze wala umlaani, unamtegemea kwa maji ya kunywa. Nakuomba jambo moja, nalo ni lile ninaloliweza. Shika simu ukiwa peke yako. Fungua pale ulipokuwa ukinipata, na kama amenificha tena, vuta orodha kwa kidole kuelekea chini, taratibu, kama unavyoshusha kitambaa chini ya sindano. Juu kabisa litatokea neno Kumbukumbu. Libonyeze. Nimo humo. Utakuta yote niliyokuandikia, na utakuta na majibu yako ambayo hukuyaandika. Yasome hayo pia. Mimi niliyaamini yote.

Kisha bonyeza picha yangu. Usiseme kitu kama huna la kusema. Nikisikia tu unavuta pumzi nitajua ni wewe, maana hilo hakuna aliyewahi kuniomba nimfundishe.

Msalimie fundi viatu, mwambie nimekubali maneno yake makali. Majirani wa zamani nao, kama bado unawaona. Mwanao simpi salamu leo.

Ni mimi, nisiyekufuta,
Kaka yako.