Kuta Mbili za Bi Zuhura

Mambrui, Jumatano usiku

Nimesema ahsante. Ningesema nini?

Ukuta mmoja wa kale ukipasuka, ni uzee. Kuta mbili zikipasuka na kuinamia upande mmoja, hapo naweza kumshawishi profesa wangu kwamba ardhi ilitetemeka zamani. Zangu zimo uani kwa Bi Zuhura.

Leo nimeenda kuzipima, nikakuta ukuta wa kwanza mweupe pe, ufa umezibwa kwa saruji.

"Maulidi yaja, mwanangu," akanambia. "Kila siku nakuona wautazama ufa ule, nikaona haya. Kaa, unywe kahawa."

Nikanywa. Nikausifu ukuta.

"Na ule wa pili usijali. Fundi yuaja kesho asubuhi."

Kumkataza mtu mzima siwezi. Kesho fundi atanikuta nimeuegemea.